Saa mbili na dakika ishirini za Chicago

Swali: Shikamoo mzee. Naishi Columbus, Ohio, na mama yangu wa miaka 67 anakuja kunitembelea Julai kutoka Tanga. Viza anayo. Ni safari yake ya kwanza ya ndege, Kiingereza hajui zaidi ya salamu, na goti linamsumbua. Nimeona tiketi mbili. Ya kwanza ni moja kuanzia mwanzo hadi mwisho: Dar, Doha, Chicago, Columbus. Doha ana saa 1 na dakika 35. Chicago anatua saa 9 alasiri na ndege ya Columbus inaondoka saa 11 na dakika 20. Ya pili ni nafuu kwa dola 280, ila kipande cha Chicago hadi Columbus nakinunua kivyake kwa shirika jingine, na hapo Chicago anapata saa tatu na nusu. Naona ya pili ina nafasi zaidi na bei nzuri. Nikate ipi? Na viwanja vikubwa namna ile ataviweza peke yake?

Jibu: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kumleta mama. Kata ya kwanza, ile ghali. Umezipima tiketi zako kwa saa, na kwa saa ni kweli ya pili inashinda. Lakini mimi niliyeuza tiketi Dar es Salaam miaka 22 huanza na swali jingine: ndege ikichelewa, hasara ni ya nani? Kwa tiketi ya kwanza ni ya shirika. Kwa ya pili ni yako, na atakayeanza kuibeba ni mama, amesimama katikati ya uwanja wa O'Hare wa Chicago uliopitisha takriban abiria milioni 80 mwaka 2024, ana mabegi mawili na hana wa kumuuliza.

Tiketi moja ni mkataba mmoja. Shirika limekubali kumtoa Dar na kumfikisha Columbus. Akikuta ndege ya Columbus imeondoka kwa sababu ile ya Doha ilichelewa, wanampangia inayofuata bila kumdai hata senti. Tena kila uwanja mkubwa una muda wa chini kabisa wa kuunganisha uliowekwa ndani ya mfumo wa mauzo, na kompyuta haiuzi tiketi moja yenye pengo dogo kuliko hapo. Kwa hiyo dakika zako 95 za Doha hazikuangukia hapo kwa bahati. Ila muda ule umepangwa kwa abiria anayetembea haraka na kusoma vibao, haukupangwa kwa mwenye goti. Hilo nitalirudia.

Sasa hizo dola 280. Safari ya kutoka kwetu kwenda Marekani mara nyingi huruhusu mabegi mawili ya kilo 23 bila malipo ya ziada, na kwenye tiketi moja ruhusa hiyo humfuata abiria hadi mwisho. Ukinunua kipande cha ndani kivyake, shirika la ndani litakutoza begi la kwanza na la pili, jumla dola 80 na ushee. Zimebaki 200. Halafu zile saa tatu na nusu. Kwa shirika hilo la pili mama ni abiria mpya, itabidi aende kaunta yao kujiandikisha na kukabidhi mabegi, na kaunta za safari za ndani Marekani huacha kupokea mabegi dakika 45 hivi kabla ya ndege kuondoka. Saa tatu na nusu zimekuwa mbili na robo tatu. Ndege ya Doha ichelewe saa moja na nusu tu, na hilo si jambo la ajabu, mama atakuta kaunta imefunga na tiketi ya Columbus imekufa. Kwa shirika lile hakuna ndege iliyochelewa. Kuna abiria ambaye hakutokea. Utamnunulia nyingine siku hiyo hiyo, kwa bei ya siku hiyo hiyo, na zile 200 ulizookoa huenda zisitoshe.

Doha hainitishi. Uwanja wa Hamad ulifunguliwa 2014 kwa kazi hiyo hasa. Abiria wake wengi hawatoki nje, wanapita tu. Ndege hutua kwa mafungu. Kwa muda mfupi zinaingia nyingi kutoka Afrika, India na Asia ya mbali, kisha fungu zima linaondoka kuelekea Ulaya na Marekani, na mapengo ya dakika tisini hivi ndiyo yanayoufanya mtambo uzunguke. Ubaya wake ni kwamba foleni ya ukaguzi hujaa ghafla kama mlango wa uwanja wa mpira, kisha ikatawanyika. Mama akishuka afuate vibao vya abiria wanaounganisha, asifuate vya kutoka. Atakaguliwa tena begi la mkononi, hata kama Dar walilikagua. Akitokea kwenye ukumbi mkubwa ataona sanamu ya dubu wa manjano, mrefu kama mita 7. Mwambie habari za dubu huyo mapema, maana anasaidia: akipotea arudi hapo, na popote penye dubu huyo pana wafanyakazi.

Mambo mawili ya Doha asiyakose. La kwanza, saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya ndege kuondoka, si ya mlango kufungwa. Geti hufungwa mapema, na kwa ndege za Marekani abiria huitwa mapema zaidi kwa sababu hati zao hukaguliwa tena pale getini. Aende getini moja kwa moja, chai atakunywa ndani ya ndege. La pili, namba ya geti aitazame kwenye skrini, asiamini ile iliyochapwa kwenye pasi ya kupandia. Mimi mwenyewe, na kazi yangu yote hiyo, niliwahi kuachwa na ndege katika uwanja mmoja wa Ulaya nikiwa nimekaa getini nasoma gazeti. Geti lilikuwa limehamishwa saa nzima kabla. Jina langu walilitangaza, lakini kwa matamshi ambayo hata marehemu baba asingelitambua.

Chicago ndiyo yenye kazi. Hapo watu wengi hudanganyika, na anayewadanganya mara nyingi ni sisi wa kaunta. Dar watapima mabegi ya mama, watabandika lebo yenye herufi CMH, yaani Columbus, na kijana wa kaunta atamwambia, “Mama, mzigo utaukuta mwisho wa safari.” Si kweli. Kwa anayetoka Doha, Marekani inataka apite uhamiaji na forodha kwenye uwanja wa kwanza anaotua, na mabegi yake yapite naye. Lebo iwe imeandikwa CMH, CMH, CMH, bado mabegi yatashushwa kwenye mkanda wa Chicago na yatamsubiri. Lazima ayachukue, apite nayo forodha, kisha ayakabidhi upya. Nilikuwa na mteja aliyepita mkanda ule akiwa hana wasiwasi wowote kwa kuwa ameambiwa yatajipeleka. Alifika alikokuwa anakwenda na pochi mkononi, mabegi yakafuata baada ya siku mbili.

Hebu tuhesabu hizo saa mbili na dakika ishirini. Qatar Airways, shirika la huko Doha, hutua Teminali 5. Kutoka kwenye kiti hadi foleni ya uhamiaji, weka dakika 20. Foleni yenyewe siwezi kukupimia: siku njema dakika 20, siku ambayo ndege nne kubwa zimetua pamoja, saa moja na nusu. Ile programu ya simu inayowapitisha watu haraka si ya mwenye viza ya matembezi kutoka Tanzania, usihangaike nayo. Ofisa atachukua alama za vidole na kuuliza anakwenda wapi, kwa nani, atakaa muda gani. Mama ajibu kwa Kiswahili chake bila hofu. Maofisa huweza kutumia mkalimani wa simu, ila kumpata nako kunakula dakika. Mabegi, dakika 15 au 20. Forodha, tuseme atapita bila kusimamishwa. Baada tu ya forodha kuna mahali pa kukabidhi upya mabegi ya wanaounganisha, na hapo kwenye tiketi moja ni kuyaacha na kuondoka, dakika 5. Kisha treni ya uwanja, ambayo ni bure, hadi Teminali 3 wanakotumia American, ambao ndio washirika wa Qatar. Kwa kungoja na kutembea weka 15. Usishangae teminali ni 1, 2, 3 na 5. Ya 4 haipo, mama asiitafute. Hapo anakaguliwa tena, maana alikuwa ameshatoka nje ya eneo la ukaguzi: dakika 15 hadi 40. Halafu mwendo hadi getini, na mlango hufungwa robo saa kabla.

Ukijumlisha siku njema, unapata saa moja na nusu na kitu, anapanda akiwa na nafasi. Siku mbaya ni saa tatu na ushee, ataachwa. Ndivyo ilivyo, sitakupamba. Ndiyo maana nikitazama ndege ya kuunganisha huitazama pia iliyo nyuma yake: akiikosa hii, nyingine ipo saa ngapi? Kati ya Chicago na Columbus huruka ndege kadhaa kwa siku, hivyo kuikosa ya saa 11 na dakika 20 kwa kawaida ni kungoja tu. Kuikosa ya mwisho ya usiku ni kulala kitini. Mwombe wakala akuangalizie kama kipande hicho cha mwisho kinaweza kusogezwa kwenye ndege ya saa moja au mbili baadaye, ndani ya tiketi ile ile. Mara nyingi bei haiguswi. Ila isiwe ndege ya mwisho ya siku. Julai Chicago ina ngurumo za alasiri zinazosimamisha ndege zote kwa muda, na zikianza kufutwa, abiria wa ndege ya mwisho hana pa kwenda.

Sasa masanduku ya mama, maana huko ndiko dakika nyingi hupotelea na hakuna anayelisema. Namjua mama wa Tanga asiyejua Kiingereza bila kukutana naye: ana ubuyu, ana dagaa, ana unga, na kama si hivyo ana machungwa ya Muheza. Matunda mabichi, mbegu za kupanda na chochote chenye nyama, zikiwemo sambusa za nyama, aviache nyumbani. Dagaa wakavu wa kula nyumbani kwa kawaida hupita wakitajwa. Kutajwa ndiko kwenyewe: akiulizwa kama ana chakula, jibu ni ndiyo, na aonyeshe. Anayesema hapana kisha begi likafunguliwa hutozwa faini ya mamia ya dola, na ndege yake inaondoka huku karanga zikihesabiwa. Hata lile tunda atakalopewa kwenye ndege alile huko huko. Wapo waliotozwa faini kwa tufaha la kwenye trei. Unga na viungo visikae begi la mkononi. Tangu Juni 2018, kwa ndege zinazoelekea Marekani, kitu cha unga kinachozidi mililita 350, kama ujazo wa kopo la soda, kinaweza kuzuiwa Doha wakati wa ukaguzi. Na kama atanunua manukato au asali madukani Doha, Chicago atakuwa ameshika mabegi yake makubwa mkononi kwa dakika chache: aitie humo kabla ya kuyakabidhi, kwa sababu ukaguzi wa mbele kwa kawaida hauruhusu kimiminika kinachozidi mililita 100. Viatu, tangu Julai 2025, watu wengi hawavuliwi tena.

Goti limemfungulia mlango mzuri. Piga simu kwa shirika leo, usingoje siku ya safari, uombe kiti cha magurudumu kwa safari nzima, vipande vyote vitatu. Ni bure, na kwa safari zinazoingia Marekani sheria yao inayalazimisha hata mashirika ya nje kumsaidia mlemavu au asiyeweza kutembea mbali, pamoja na kumvusha kutoka ndege moja hadi nyingine. Anayesukuma kiti anajua njia, anajua foleni ya kupita, anajua mkanda wa mabegi, na kwa mama asiyejua lugha huyo ni zaidi ya miguu. Nao upungufu wao upo: wa kiti hushuka wa mwisho, na pengine atasubiri mlangoni dakika kumi hadi mtu aje. Asikate tamaa akaondoka kwa miguu. Wakishamkosa pale, hawana pa kumtafutia. Msukumaji wa Chicago ampe dola tano. Wa Doha asipompa hakuna neno. Najua wapo wanaoomba kiti wakiwa wazima kabisa ili waruke foleni, na wakifika wanainuka na kutembea kama vijana. Hao tuwaache na Mungu wao. Mama yako anastahili.

Jambo la saa usilidharau. Tiketi imeandikwa 15:00 na 17:20. Mama, kama mimi, akiona 17:20 kichwa chake hakisemi saa kumi na moja na dakika ishirini mpaka apige hesabu, na baada ya saa 20 hewani hesabu hiyo haipigiki. Saa ya Doha ni sawa na ya Tanga, asiguse kitu. Chicago mwezi Julai iko nyuma kwa saa 8. Columbus nayo iko mbele ya Chicago kwa saa moja, kwa hiyo tiketi itaonyesha kama kipande hicho ni zaidi ya saa mbili ilhali angani ni kama saa moja na robo. Wewe ndiye usichanganye ukaenda kumpokea kwa saa isiyo yake. Mnunulie saa ya mkono, hata ya bei ndogo. Kwa Doha isome saa ya nyumbani. Akitua Chicago amwombe msukumaji airekebishe. Ukimwandikia, andika vyote viwili mstari mmoja: 17:20, kumi na moja na dakika ishirini jioni.

Na umwandikie kweli, kwenye karatasi ngumu, si kwenye simu tu. Betri huisha. Upande mmoja Kiswahili, kwa ajili yake: shuka, fuata, kagua, geti. Upande wa pili Kiingereza, kwa ajili ya wengine: jina lake, kwamba anazungumza Kiswahili, kwamba anaunganisha kwenda Columbus, namba za ndege zote tatu, anwani yako kamili na namba yako ya simu. Anwani hiyo shirika litaitaka hata Dar, kwa kuwa abiria wa Marekani hutakiwa kutaja atakakofikia. Dar asiondoke kaunta bila pasi zote tatu za kupandia. Ya tatu ikigoma kutoka, wamwandikie jina la shirika na teminali ya kwenda kuidai. Kwenye mabegi fungeni kipande cha kanga yenye rangi kali. Mabegi meusi duniani ni mengi mno.

Msomaji mwingine anayesoma haya akiwa na njia tofauti: kupitia London, Mtanzania au Mkenya huhitaji kibali hata cha kupita tu, ingawa mwenye viza hai ya Marekani husamehewa. Mkongomani kupitia viwanja vya nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zenye viza moja, naye aulize mapema. Na Marekani haina kupita bila viza, hata kama unakwenda Kanada na hutaki kuiona Marekani kabisa. Wa Nairobi wana njia ninayoipenda: ukipitia Abu Dhabi, uhamiaji wa Marekani unaumaliza hapo hapo Abu Dhabi kabla ya kupanda, na unatua Marekani kama uliyetoka mji jirani.

Nirudi kwako. Siku ya safari fuatilia namba ya ndege ya Doha kwenye simu. Ukiona imechelewa sana, usingoje mama atue: piga simu kwa shirika mwenyewe, au fungua programu yao, kwa kuwa mara nyingi mfumo humpangia abiria ndege mpya akiwa bado angani, na wewe unaweza kuona imempangia ipi. Akitua mwambie kwa WhatsApp, na msukumaji aonyeshwe ujumbe huo.

Na ikiwa ndege zote za jioni zimefutwa, Chicago hadi Columbus kwa gari ni takriban kilomita 570, saa tano na nusu au sita. Kijana anaweza kuamua akamfuate mamaye. Lakini kabla hujawasha gari wapigie shirika, wakubali kwa maandishi kwamba kipande cha Columbus hakitatumika na safari ya kurudi ibaki hai. Ukimchukua kimya kimya, mfumo utaandika kwamba hakutokea, na vipande vyake vyote vya kurudi Dar vitafutwa. Mabegi nayo uyaulize hapo hapo, maana yatakuwa yameshakabidhiwa, na huenda yakafika Columbus kabla yenu.